Kipimajoto cha paji la uso hakipigi miale kwenye ubongo
Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu: eti kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso hupiga miale inayoharibu ubongo. Si kweli. Kifaa hicho hupokea tu mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, ambayo ngozi yenyewe huitoa muda wote; soma mwongozo wake, utakuta kinatajwa kihisi, yaani sehemu ya kupokea, si ya kupiga miale. Nadhani kinachotisha ni umbo la bastola, pamoja na doa jekundu la leza kwenye vipimajoto vya viwandani. Doa hilo ni la kulengea, ila lisielekezwe machoni. Ukitaka kukihakiki cha kiwandani, kilenge kwa karibu maji yaliyokorogwa na barafu nyingi: kisome karibu na 0°C. Tatizo halisi la vya kupimia watu ni vipimo kupotoka kwa jasho, upepo au umbali usiofaa. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.