Antena inayorefuka na kufupika yenyewe

Mdogo wangu ameniuliza kwa nini natembea na sirinji ya zebaki. Si zebaki. Zebaki ni sumu, sithubutu kuiingiza nyumbani kwetu Wete. Ni mchanganyiko wa majimaji wa metali mbili, galiamu na indiamu, robo tatu kwa robo, na naitengenezea antena.

Antena ya simu hukatwa kwa kipimo kama kanzu. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi; fimbo ya robo yake, sentimita 8 na kidogo, hulipokea vizuri. Kwa megahezi 1800, fimbo inatakiwa iwe nusu ya hiyo. Metali hii ukiisukuma ndani ya mrija wa silikoni, fimbo imerefuka, ukiivuta, imefupika. Kwenye kifaa changu cha kupimia antena naona mstari wa masafa inayopokea ukihama taratibu kila nibonyezapo sirinji, na sijachoka kuutazama. Shaba inaishinda karibu mara 17 kwa kupitisha umeme. Hasara hiyo nimeikubali.

Galiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi joto 29.76. Mwezi wa Februari, kaskazi ikikolea, kipande nilichokiacha mezani asubuhi kigumu nakikuta mchana kimelainika kama samli. Ikichanganywa na indiamu huyeyuka kwenye nyuzi 15 na nusu hivi, na hata kipupwe cha Julai hapa Pemba hakifiki huko. Kwa hiyo haitugandii.

Kazi iko kwenye ngozi. Ikikutana na hewa tu, metali hii huvaa utando wa oksaidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni, wa nanomita (milioni za milimita) chache. Utando huo ndio unaoizuia isijikusanye kuwa tone. Lakini huohuo hung'ang'ania ukuta wa mrija, na ukiivuta huacha mabaki nyuma. Hapo urefu wa antena huujui tena. Mwaka 2015 watafiti wa North Carolina State University walionyesha njia ninayoipenda zaidi: ndani ya mmumunyo unaopitisha umeme, volti ndogo upande mmoja huotesha utando na metali ikatambaa kuingia mrijani, ukigeuza volti utando huondoka na metali ikarudi. Hakuna pampu.

Ila isiguse alumini. Tone moja lilidondokea mfuniko wa sufuria ya mama, palipokwaruzika. Kesho yake pale pakavunjika kidoleni kama biskuti. Antena nyingi za juu ya mapaa ni alumini, kwa hiyo viungo vyangu vyote nimevifanya vya shaba, na ncha za mrija nimeziziba mara mbili.