Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar anayewarudishia watumwa majina yao

Katika kazi yake ya mwaka 2004, Naming the Money, msanii Lubaina Himid wa Uingereza amesimamisha watu 100 sakafuni. Ni mbao zilizokatwa kwa umbo na kimo cha mtu, kisha zikapakwa rangi. Wapo wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba, hata wafunza mbwa. Mavazi yao yanawaka, na watazamaji wengi huishia kusifu hayo mavazi. Nasi tunaofanya kazi ya makumbusho huwasihi wazunguke nyuma. Mgongoni kila mmoja amebandikiwa karatasi ya hesabu yenye maneno machache: jina alilopewa kwao, jina aliloitwa na bwana wake, kazi aliyokuwa akiifanya zamani na kazi anayotumikishwa sasa.

Chanzo chake ni michoro ya kale ya matajiri wa Ulaya. Pembeni mwa bibi aliyevaa hariri mara nyingi utamwona kijana Mweusi ameshika sinia au kamba ya mbwa. Aliwekwa pale kuonyesha utajiri wa mwenye nyumba, na jina lake halikuandikwa popote. Himid amewatoa watu hao pembeni akawajaza ukumbi mzima, hata mtazamaji hana budi kupita katikati yao.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake, mtu wa Visiwa vya Komoro, alifariki kwa malaria Himid akiwa mchanga, na mama yake Mwingereza, msanifu wa nakshi za vitambaa, akarudi naye kwao. Alisomea usanifu wa jukwaa la tamthilia. Nadhani ndiyo maana watu wake husimama kama waigizaji. Pwani nayo haikumtoka. Baadhi ya kazi zake zimepangwa kikanga kabisa: pindo, mji na jina chini. Mtu aliyekulia kwenye kanga hahitaji kuelezwa kwamba maneno yale yana mlengwa.

Mwaka 2007, Uingereza ilipotimiza miaka 200 tangu ipige marufuku biashara ya watumwa, Himid alikusanya vyombo vya zamani vya mezani, akavichorea juu yake nyuso za watumishi Weusi, merikebu, na mabwana wanaotapika kwa kusikia kwamba biashara imekwisha. Vilionyeshwa Lancaster, mji wa bandari uliotajirika kwa biashara hiyohiyo. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake kali kuliko zote, kwa sababu inacheka.

Mwaka 2017 alipata Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata. Kabla ya mwaka huo, waliofika miaka 50 hawakuruhusiwa kushindania tuzo hiyo.

Lakini tuzo isifunike kazi yake nyingine. Mwaka 1985 alikusanya wasanii wanawake 11, Weusi na wenye asili ya Asia, katika maonyesho ya The Thin Black Line jijini London. Taasisi iliyowapokea iliwapa ukumbi wa kupitia, basi. Veronica Ryan, mmoja wao, alishinda Turner Prize mwaka 2022. Mwaka huohuo Sonia Boyce, naye wa kundi lile, alitwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa banda la Uingereza katika Venice Biennale, maonyesho ya sanaa ya kimataifa ambako nchi huwa na mabanda yao. Kwa mwaka 2026, aliyeteuliwa kulishika banda hilo ni Himid mwenyewe.