Breki Kabla ya Mafuta: Dhana Potofu Kuhusu Kumfunza Mgeni Mbio za Simuleta

Baada ya Isha, chumba kimoja cha ghorofani mtaani Majengo hugeuka darasa la mbio za simuleta, yaani mbio za magari zinazoendeshwa kwenye skrini, kwa usukani na pedali. Mna sukani mbili zilizofungwa kwenye meza, feni ya dari, thamosi ya kahawa tungu na vijana wanaongoja zamu. Mimi hukaa kwenye stuli nyuma ya anayeendesha. Nimekaa hapo miaka kadhaa sasa, na maneno ninayoyasikia ni yale yale, kutoka kwa wanagenzi na hata kutoka kwa mafundi wanaojitolea kuwafunza. Baadhi yana chembe ya ukweli. Mengine yamewafukuza vijana wazuri kabla hawajauonja mchezo.

"Mwenye kasi kuliko wote ndiye afunze."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mtu akishaendesha maelfu ya mizunguko, mguu wake huifunga breki bila yeye kuuamuru. Ukimwuliza hufunga wapi, atakwambia "pale," au "utahisi tu." Hakufichi kitu. Ujuzi umemwingia mwilini mpaka umepoteza maneno yake, na mgeni anahitaji maneno.

Nilimsikia kijana mmoja, mwepesi kutuzidi sote, akimfunza mwenzake: "Sasa! Geuza! Mafuta! Mbona umechelewa?" Yule mgeni akawa anaendesha kwa masikio. Gari linalokwenda kilomita 150 kwa saa hupita mita 41 na ushei kila sekunde. Neno "sasa" litoke kinywani, lisikike, mguu utii, nusu sekunde imekwisha na gari liko mita 20 mbele ya pale palipokusudiwa. Amri ilikuwa sahihi, ila ilifika mahali pasipo pake.

Anayejua kufunza hunyamaza ndani ya kona. Husema kabla, husema baada, na husema jambo moja. Leo tunashughulika na breki ya kona ya kwanza, basi. Hizo nyingine mgeni na azikosee atakavyo. Swali langu la mwanzo karibu kila mara ni hili: "Ulikuwa ukiangalia wapi?" Jibu huwa ni boneti, au bampa ya gari la mbele. Macho yakiwa hapo, mikono itachelewa tu, hata iwe na kipaji gani. Kwa hiyo kabla ya kumgusia kasi, mimi humwambia atafute alama yake mwenyewe kando ya barabara, kibao, kivuli, mwanzo wa ukingo uliopakwa rangi, na aniambie kwa sauti anapoipita. Akiweza kuitaja, ameiona. Akiwa bado anaitaja baada ya gari kuipita, tumepata kazi ya jioni nzima.

"Chelewa kufunga breki, kasi iko hapo."

Dhana hii haifi kwa sababu ina ukweli ndani yake. Madereva wa juu kweli hufunga breki wakiwa wamekaribia kona kuliko mgeni. Lakini wao wamefika huko baada ya kujua mengine yote, na mgeni anataka kuanzia huko.

Nishati ya gari linalokwenda hukua kwa mraba wa kasi yake. Kulipunguza gari kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 100, breki zinameza nishati mara 3 ya ile ya kulisimamisha kabisa kutoka 100. Mtoto aliyezoea mwendo wa magari ya Barabara ya Nyali hana kipimo hicho machoni. Anadhani amechelewa kidogo, kumbe amepitiliza mbali.

Kijana mmoja wa Kongowea, ambaye mchana huendesha tuktuk, alinifundisha namna ya kulieleza jambo hili. Kwenye skrini tulikuwa Lime Rock Park, uwanja mfupi wa Connecticut, Marekani, mzunguko wa kilomita 2.4 hivi, na gari lilikuwa Mazda MX-5, ambalo wageni wengi wa iRacing, simuleta ya mbio za mtandaoni, huanzia nalo. Kona ya kwanza, Big Bend, ni ndefu, inakunja kulia kisha inazidi kukunja. Kila mzunguko alifika amechelewa, akafunga breki yote, akaiachia yote kwa mpigo mmoja, akazungusha usukani, na gari likaenda moja kwa moja nyasini kama halikumsikia.

"Ami, usukani huu haugeuki."

"Usukani mzima, mwanangu. Hebu tuone miguu."

Tukafungua marudio ya mzunguko na mchoro unaoonyesha pedali zilivyokanyagwa. Mstari wa breki ulipanda kama ukuta, ukashuka kama ukuta. Nikamweleza: ukifunga breki, uzito wa gari unaegemea mbele, tairi za mbele zinakandamizwa chini, na mkandamizo huo ndio unaozipa mshiko wa kugeuza. Ukiiachia ghafla, uzito unarudi nyuma na mbele panakuwa pepesi wakati ule ule unapotaka pageuke. Nikamwuliza kama amewahi kuteka maji kisimani. Amewahi, kwa bibi yake. Basi ndoo huiachii kamba yote ikajigonge. Unaiteremsha viganjani, kidogo kidogo. Na breki ni hivyo: kadiri usukani unavyozidi kugeuka, ndivyo mguu unavyozidi kupungua. Halafu anza kufunga mita 10 kabla ya pale ulipozoea.

"Mita 10? Watanipita, Ami."

"Wakupite hapa. Utawapata wanapotoka."

Mizunguko mitatu aliendesha amenuna. Wa nne gari liligeuka. Alitoka konani akiwa tayari ameshakanyaga mafuta, badala ya kungoja magurudumu yarudi kwenye lami. Hakusema kitu, ila nilimwona mabega yakishuka, na mzunguko uliofuata aliitaja alama yake kwa sauti bila kuambiwa.

Hapo ndipo kasi ilipo hasa: katika kutoka. Kona inayofungua barabara ndefu hulipa kuliko nyingine zote, kwa kuwa mwendo unaotoka nao unaubeba mpaka mwisho wa barabara hiyo. Kule uwanja wa Spa-Francorchamps, Ubelgiji, dereva anayetoka kona ya Raidillon na upungufu wa mwendo huusafirisha upungufu ule barabara yote ya Kemmel, na wanaomfuata hujipangia zamu ya kumpita. Mita chache alizoziiba kwenye breki hazimfai kitu.

Wazee wetu wa barazani wanalijua hili kwa njia yao. Mbio za magari kwao ni Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, na hadithi wanayoipenda ni ya mwaka 1963, magari 7 tu yalipofika mwisho kati ya 84. Mwaka 1968 yakafika 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya Peugeot 404. Mimi huwapa wanagenzi hadithi hiyo usiku wa kwanza, kabla hawajashika usukani, wajue kwamba kushinda huanza na kufika.

"Nimegongwa mimi, mbona nakatwa mimi?"

Mgeni akija na malalamiko haya huwa na hasira ya haki, na mwalimu asimcheke. Katika iRacing, kutoka nje ya barabara ni alama 1 ya kosa, kupoteza udhibiti wa gari ni 2, na kugongana kwa nguvu ni 4. Anayegonga na anayegongwa wote huandikiwa. Watu hudhani mfumo umehukumu, tena umehukumu vibaya. Ukweli ni kwamba haukuhukumu kabisa. Haujui nani alikosea. Unahesabu tu umepita kona ngapi kwa kila tukio, na kwa hesabu hiyo unakadiria jinsi mtu anavyoendesha kwa usalama baada ya mbio nyingi. Gran Turismo 7, gemu nyingine ya mbio, nayo ina vipimo viwili mbali mbali, kimoja cha wepesi na kimoja cha uungwana wa barabarani.

Ndiyo maana ninakataa ile kauli ya mafundi wengine kwamba mgeni "ajifunze kwa kugongwa." Kugongwa hakumfunzi mtu ila kulipiza. Kinachofaa ni kukaa naye kwenye marudio na kulitazama tukio kwa macho ya yule aliyemgonga, kutoka ndani ya gari lake. Mara nyingi utaona kwamba mgeni wetu aliyumba kati ya mistari miwili, au alifunga mlango, yaani aliziba njia, mwenzake akiwa tayari ameingiza pua. Wakati mwingine utaona hakuwa na kosa lolote, na hapo umwambie waziwazi: hukukosea, lakini ungeweza kumwona akija, tazama kioo hiki. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na kijana wa miaka 15 akielezwa vizuri huyaelewa.

"Bila usukani wa bei, usijisumbue."

Si kweli, ingawa ni kweli kwamba pedali ya breki ina uzito kuliko usukani wenyewe. Pedali za bei nafuu hupima umbali ambao mguu umesafiri. Za ghali hupima nguvu ya mguu, na mwili hukumbuka nguvu vizuri kuliko umbali. Mwenye shilingi za kuongeza aanze chini, kwenye miguu. Asiye nazo aendelee na kidhibiti cha mkononi. Macho, alama za breki na subira ya kona ya kwanza vyote hufunzika kwa vidole viwili. Nimewaona waliotoka huko wakahamia usukani ndani ya wiki chache.

Nyingine nizipite haraka. Dereva wa gari la kweli hawi hodari wa simuleta moja kwa moja, kwa sababu kitini hasikii mwili ukisukumwa na breki wala kona. Lazima ajifunze kusoma kwa macho yale aliyoyazoea kuyasikia mgongoni. Mstari wa rangi ambao gemu huuchora barabarani kuonyesha pa kupita si aibu kwa wiki za mwanzo, mradi uzimwe kona moja moja. Kunakili mipangilio ya gari ya bingwa kabla hujaweza kuendesha mizunguko 10 inayofanana ni kupoteza wakati: hutajua kilichobadilika ni gari au ni wewe. Na anayesema wasichana hawana moyo wa mchezo huu aje Jumamosi, akae kwenye stuli yangu.

Wapo pia wanaosema ni gemu tu, haifiki popote. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda GT Academy, shindano la kutafuta madereva kwa gemu ya Gran Turismo, mwaka 2011, na mwaka 2013 alimaliza mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, akiwa wa 3 katika daraja la LMP2. Siwaahidi wanagenzi wangu Le Mans. Nawatajia tu kwamba jambo lenyewe limewahi kutokea.

"Mtandao wa Mombasa ndio unaotugongesha."

Nilidhani hivyo mwenyewe kwa muda mrefu. Halafu nikawa najiuliza: nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, ziliingia nchi kavu hapa hapa kwetu mwaka 2009, kabla intaneti yake haijapanda kwenda bara. Tatizo haliwezi kuwa kwamba tuko mbali na waya. Tuko mbali na seva, zile kompyuta zinazoendesha mbio. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde, na kutoka Mombasa hadi Marseille ni zaidi ya kilomita 6,000 hata ukipaa kama ndege. Kwenda na kurudi ni milisekunde 60 na zaidi kabla mitambo ya njiani haijachukua chake, na waya wenyewe haupai. Unazunguka kwa njia ya Bahari ya Shamu. Hizo hakuna kampuni itakayokuuzia kifurushi cha kuziondoa.

Lakini pingi, yaani muda huo wa kwenda na kurudi, hata ikiwa kubwa, ikitulia inaendesheka. Inayogongesha watu ni ile inayoruka, mara milisekunde 160, mara milisekunde 400, na hiyo mara nyingi imezaliwa ndani ya nyumba: waifai inayopenya kuta mbili za mawe, ndugu anapakua filamu, simu nne zimeshika ruta moja. Waya kutoka ruta hadi kwenye mashine huondoa sehemu kubwa ya balaa hilo.

Kisha liko jambo ambalo mgeni lazima aambiwe kabla ya mbio zake za kwanza. Gari la mwenzako unaloliona ni makisio. Kompyuta yako imepokea habari za kale kidogo, ikakadiria lilipo sasa. Ukienda kilomita 200 kwa saa, milisekunde 150 ni mita 8 na kidogo, karibu urefu wa magari mawili. Makisio huwa mazuri likiwa linakwenda sawa, na huharibika pale linapobadili mwendo ghafla, yaani kwenye breki za kona ya kwanza, wote mkiwa mmejazana. Kwa hiyo sisi wa huku tunaacha nafasi zaidi pale, na tunafunga breki mapema zaidi.

Yule kijana wa tuktuk alinunua waya mrefu, akaupitisha kwenye ngazi na kuubana kwa misumari ili mamake asijikwae. Jioni hiyo alianza wa 17. Kona ya kwanza alifunga breki mapema, akaacha nafasi ya magari mawili, na mbele yake matano yakavaana. Alipita pembeni kwa upole, magurudumu yote juu ya lami. Alimaliza wa 8, alama za makosa sifuri, akapiga picha ya skrini na kumtumia mamake, ambaye alikuwa chini tu, jikoni.