Je, wajua? Kwa nini matunzo ya mtoto hukwama wakati wa mbalamwezi

Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, akiachana na mkewe huku ameahidi kutuma shilingi 60,000 kila tarehe 5, miezi ya mwanzo hutuma vizuri. Baadaye huanza kuchelewa. Mama anasema keshapata mwanamke mwingine, baba anasema hana kitu, na ndugu wa pande zote mbili wanaongeza chumvi. Mara nyingi kosa liko kwenye hiyo tarehe 5.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki sawasawa, na mitumbwi mingi hupumzika. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wa kalenda mara nyingi una 30 au 31. Kwa hiyo tarehe 5 inayoangukia mwishoni mwa giza, mgawo wa pesa za samaki ukiwa bado mfukoni, husogea karibu siku moja kila mwezi. Baada ya miezi 7 au 8 inaangukia katikati ya mbalamwezi, na mfuko ni mtupu. Tabora nako, kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge, pesa kubwa huja msimu wa masoko, tena baada ya kukatwa mkopo wa pembejeo. Ahadi ya kila mwezi inamfaa mwalimu au karani anayesubiri mshahara.

Ndiyo maana usuluhishi wa malezi, ukifanywa na anayeujua, hutumia muda mwingi kwenye kalenda kuliko kwenye nani alimkosea nani.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, anayetaka talaka mahakamani hutakiwa kupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa katika hali chache, kama mwenzake kutoweka asijulikane aliko. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Kazi yake ni kujaribu kuwapatanisha. Likishindwa hutoa cheti, na cheti hicho kisiwe kimezidi miezi 6 siku kesi inapofunguliwa. Baraza halivunji ndoa. Shida ni kwamba wengi hutoka na cheti mkononi na hawajazungumza lolote kuhusu mtoto, kila mmoja akidhani mahakama itamaliza. Hapo ndipo pa kuomba kikao kingine, cha malezi peke yake. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri hufanya kazi hiyo, na hata wazee au viongozi wa dini wanaweza, mradi pande zote mbili zimewakubali. Shangazi wa mume asikae kiti cha msuluhishi. Awe shahidi, inatosha.

Vikao viwili au vitatu kwa kawaida hutosha. Msuluhishi huanza kwa kumsikiliza kila mzazi peke yake, kwa sababu mengine mtu hayasemi mbele ya mwenzake: madeni, mchumba mpya, ugonjwa. Kisha wanakaa pamoja, kila mmoja na karatasi ya gharama za mtoto: chakula, sare na viatu, madaftari, michango ya shule, matibabu, nauli. Orodha iandikwe kabla ya kutaja nani atatoa nini. Ukianza na "utatoa ngapi?" mnaingia kwenye mnada.

Tuseme jumla imefika 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka. Baba analima tumbaku, mama anauza vitumbua. Wanakubaliana baba abebe 720,000 na mama 240,000. Baba akitakiwa kutoa 60,000 kila mwezi, atakwama mapema sana kwenye masika, shamba likiwa bado linakula pesa. Afadhali atoe 480,000 ndani ya siku 7 tangu malipo ya tumbaku yaingie, na 20,000 kila mwezi. Ukizidisha mara 12 ni 240,000, hesabu imetimia. Sehemu ya fungu kubwa inaweza kutolewa kwa magunia ya mahindi, ila bei ikubaliwe siku ya kupokea, maana mahindi ya mavuno na mahindi ya Januari hayana bei moja.

Kwa mvuvi, malipo yafuate giza: nusu katikati, nusu linapoisha. Hapa kuna mtego. Mwaka una magiza 12, na mingine 13, hivyo karatasi iseme wazi kama kiasi kinahesabiwa kwa giza au kwa mwaka mzima. Na iseme itakuwaje ziwa likifungwa, kama mwaka 2024 lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Asiyeweka akiba ya miezi hiyo mapema ataitwa mtoro wa matunzo.

Giza lina pesa na halina nafasi, mbalamwezi ina nafasi na haina pesa. Basi siku za kutuma na siku za kukaa na mtoto zisifungwe pamoja. Mvuvi amchukue mtoto wikiendi ya mbalamwezi, anapolala nyumbani, na siku za giza apige simu saa 10 jioni, kabla hajaingia ziwani. Makabidhiano yafanyike shuleni Ijumaa inapowezekana. Mlango wa nyumba ya zamani una maneno mengi.

Mzazi mmoja akiwa Tabora na mwingine Kigoma, zaidi ya kilomita 400 kwa reli, wikiendi haziwezekani. Gaweni likizo za Juni na Desemba. Andikeni nani anasafiri na mtoto, nani analipa nauli ya kwenda na nani ya kurudi, na mtoto arudi siku 3 kabla shule haijafunguliwa, kwa sababu usafiri huchelewa na sare zinahitaji kufuliwa.

Lugha ya karatasi nayo ina kazi yake. "Baba atamhudumia mtoto kulingana na uwezo wake" ni sentensi ambayo hakuna anayeweza kuivunja, wala kuitimiza. Ilinganishe na hii: "Baba atatuma 30,000 kwa namba ya mama ndani ya siku 2 baada ya giza kuisha, ujumbe wa muamala ndio risiti. Akikosa, atatoa taarifa kabla ya siku hiyo na kufidia giza linalofuata." Ongezeni kifungu kimoja ambacho wengi hukisahau: kukosa pesa hakumzuii mzazi kumwona mtoto, na kunyimwa kumwona mtoto hakumwondolei mzazi wajibu wa kutoa pesa. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, matunzo na kumtembelea mzazi mwingine ni haki za mtoto mwenyewe.

Lipo pia lile la "akifikisha miaka 7 ni wa baba". Sheria haisemi hivyo. Inachukulia tu kwamba aliye chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama, na hilo nalo laweza kupingwa kwa ushahidi. Baada ya hapo kinachopimwa kwanza ni ustawi wake. Matakwa ya wazazi, ya mtoto anayeweza kujieleza na mila za jamii huzingatiwa, lakini ng'ombe wa mahari hawamalizi hoja.

Karatasi ikikamilika, itiwe saini na wazazi, msuluhishi na mashahidi, nakala kwa kila mmoja, na tarehe ya kuipitia upya: baada ya miezi 6 mwanzoni, kisha kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kama kesi iko mahakamani, ombeni iingizwe kwenye amri, maana karatasi ya mezani pekee ni ngumu kuilazimisha. Hali ikibadilika sana, mahakama inaweza kuibadilisha.

Palipo na kipigo au vitisho, msikalishwe meza moja. Anayeogopa atakubali lolote ili aondoke chumbani. Hapo pa kuanzia ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na habari ya kumwona mtoto ipangwe baadaye, kwa usimamizi wa afisa ustawi au mahakama.