Farasi Akiacha Kuchechemea, Mguu Bado Haujapona

Kwa kuwa kazi yangu ni kutibu miguu ya farasi, swali ninaloulizwa kuliko yote na wenye wanyama hao ni lini farasi atarudi kazini, na aghalabu huulizwa kabla hatujajua hata ni kitu gani kilichoumia. Huwajibu kwamba farasi aliyeumia ana kalenda mbili, moja ya maumivu na nyingine ya tishu, na kwamba kalenda hizo hazilingani. Maumivu yanaweza kutoweka ndani ya majuma machache, ilhali kano iliyochanika vibaya huhitaji miezi 9 hadi 12, na pengine zaidi, kabla ya kustahimili mbio. Majeraha mengi ya kurudia ninayoyatibu hutokea katika pengo lililo kati ya kalenda hizo mbili, yaani wakati ambapo mnyama anaonekana mzima na mwenye farasi amechoka kusubiri.

Sababu ya polepole hiyo iko katika maumbile ya mguu wenyewe. Kuanzia goti la mguu wa mbele kwenda chini hakuna misuli ya maana. Kuna mifupa, kano ndefu, ligamenti zinazofunga mfupa kwa mfupa, na ngozi, na damu inayofika kwenye kano ni kidogo ikilinganishwa na ile inayolisha misuli. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa farasi aliyesimama, na anapokimbia shoti, kano ya kukunjia mguu iliyo karibu zaidi na ngozi, nyuma ya muundi, huvutika hadi karibu na kikomo cha uwezo wake. Nyuzi za katikati ya kano hiyo zikikatika, mwili huziba pengo kwa kovu lenye kolajeni (protini ya nyuzi) dhaifu zaidi, ambayo hubadilishwa kidogo kidogo kwa miezi mingi na kamwe hairudii kikamilifu unyumbufu wa awali.

Saa za kwanza zina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Farasi anayechechemea ghafla, au ambaye mguu wake umevimba na kupata joto, asitembezwe kwa matumaini kwamba ugumu utalegea. Aingizwe bandani na atulizwe, na uvimbe upozwe kwa maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 20 hivi, mara kadhaa kwa siku. Nawasihi pia wenye farasi wasimpe dawa ya maumivu kabla ya kuzungumza na daktari, kwa kuwa fenilibutazoni na dawa za jamii yake huweza kuficha dalili tunazozitafuta na kumfanya mnyama aukanyagie mguu ambao pengine una ufa kwenye mfupa. Asiyeweza kabisa kuukanyagia mguu ni suala jingine: mara nyingi hugundulika kuwa ana jipu ndani ya ukwato, ambalo likitobolewa na usaha ukitoka hupata nafuu haraka, lakini mpaka tumethibitisha hivyo tunamhesabu kuwa amevunjika, na hasogezwi bila ushauri. Hapa niongeze jambo linalopuuzwa sana, kwamba kidonda kidogo kama tundu la msumari kilicho juu ya kiungo au juu ya ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka, ni cha hatari zaidi kuliko mchaniko mrefu wa nyama ya paja, kwa sababu vijidudu vikiingia ndani ya kiungo huweza kukiharibu kwa muda mfupi mno. Kidonda cha namna hiyo hakingoji kesho.

Uchunguzi wenyewe huanza kwa macho na mikono. Ninampapasa mnyama mguu mmoja baada ya mwingine, nikilinganisha kushoto na kulia, nahisi mapigo ya mshipa unaoelekea kwenye ukwato, kisha nabana ukwato kwa koleo maalumu ili nijue kama maumivu yanatoka humo. Ikiwa hakuna dalili ya mfupa kuvunjika, naomba atembezwe na kisha akimbizwe kwa mwendo wa telki, yaani mbio za polepole, kwenye ardhi ngumu iliyo sawa. Anayeumia mguu wa mbele huinua kichwa pale mguu mbovu unapogusa ardhi na kukishusha unapotua ule mzima, na ndiyo maana anayemwongoza farasi anapaswa kuilegeza kamba: akimshika kichwa kwa kukaza, ananinyima ushahidi ulio muhimu kuliko wote. Madaktari wengi hutumia kipimo cha chama cha madaktari wa farasi cha Marekani, kinachoanzia 0, yaani hakuna kuchechemea, hadi 5, ambapo mnyama haukanyagii mguu au anaukanyagia kidogo mno. Daraja la 3 ni lile ambalo kuchechemea kunaonekana kila mara katika mwendo wa telki. Daraja la 4 huonekana hata katika mwendo wa kawaida.

Mahali panapouma pasipojulikana bado, nachoma sindano ya ganzi kwenye neva, nikianzia chini karibu na ukwato na kupanda hatua kwa hatua, na baada ya kila sindano nasubiri dakika kadhaa kabla ya kumkimbiza tena. Kuchechemea kukitoweka, nimepata eneo la kupiga picha. Eksirei hufaa kwa mifupa, ultrasaundi kwa kano na ligamenti, na MRI, yaani picha za mashine ya sumaku, husaidia hasa kwa yale yaliyofichwa ndani ya ukwato. Mwenye farasi asishangae nikitaka kurudia picha. Ufa mwembamba wa mfupa huenda usionekane siku ya kwanza ukaonekana siku 10 hadi 14 baadaye, na jeraha la kano huweza kuongezeka ukubwa katika siku za mwanzo, kiasi kwamba ultrasaundi ya juma la kwanza inapomalizika huonyesha hali halisi vizuri zaidi kuliko ile iliyopigwa siku ya tukio.

Jina la jeraha likishajulikana, mzigo mkubwa humhamia mwenye farasi, kwa maana mapumziko ya bandani ni magonjwa mengine yanayosubiri nafasi. Farasi ameumbwa kutembea na kula muda mwingi wa siku. Akifungiwa, utumbo wake hupungua mwendo na hatari ya msokoto wa tumbo hupanda. Punguza nafaka siku ile ile anapoacha kazi, usingoje juma liishe, na umpe nyasi kavu za kutosha. Farasi wa kilo 500 anahitaji takriban kilo 7.5 hadi 10 za chakula kikavu kwa siku, na ni vyema kigawanywe mara nyingi na kuwekwa kwenye wavu ili akile polepole. Chunguza kila siku kiasi cha maji anachokunywa na samadi anayotoa. Kama anatumia dawa za maumivu kwa muda mrefu, hatari ya vidonda vya tumbo na madhara ya figo inahitaji kufuatiliwa na daktari. Awepo pia farasi mwingine anayeweza kumwona, kwa sababu mpweke huzungukazunguka bandani na kuyaharibu mapumziko yenyewe.

Miguu isiyoumia nayo ilindwe. Barbaro, farasi aliyeshinda Kentucky Derby ya 2006, mbio maarufu za Marekani, alivunjika mguu wa kulia wa nyuma tarehe 20 Mei mwaka huo katika mbio za Preakness, na mifupa yake iliungwa kwa upasuaji kwenye hospitali ya farasi ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mguu uliovunjika ulielekea kupona, lakini ule wa kushoto wa nyuma, uliobeba mzigo wa mwenzake, ulipatwa na laminaitisi, yaani uvimbe wa tishu zinazoshikilia ukwato kwenye mfupa. Baadaye kwato za mbele nazo ziliathirika, na tarehe 29 Januari 2007 ikaamuliwa apumzishwe milele. Kwa hiyo kila asubuhi ninataka mguu usioumia upapaswe kwa makini yale yale yanayopewa mguu mgonjwa, na fundi wa kwato ashirikishwe mapema ili kuupa ukwato huo egemeo.

Kisha huja mazoezi, ambayo ndiyo tiba yenyewe. Kovu hujipanga vizuri likivutwa kwa kipimo, kwa hiyo uvimbe wa mwanzo ukishatulia tunaanza na matembezi ya kushikwa kamba ya dakika 5 hadi 10, tukiongeza kama dakika 5 kila juma. Telki fupi huja baada ya miezi mitatu hivi ikiwa ultrasaundi imeruhusu, na shoti husubiri zaidi. Nguvu ya kano naisoma kwenye picha, kila baada ya miezi miwili au mitatu, wala siisomi kwenye uchangamfu wa farasi. Farasi mwenye pupa anaweza kuhitaji dawa ya kumtuliza kama asepromazini kwa maagizo ya daktari. Siku moja ya kufunguliwa kwenye malisho makubwa na kurukaruka inatosha kuichana kano upya. Sindano za chembe za damu, seli shina na mawimbi ya mshtuko zina nafasi yake, na mimi mwenyewe huzitumia, lakini sikubali ziuzwe kama njia ya kufupisha ratiba.

Wapo wasiorudia kiwango chao cha awali. Aliyekuwa wa mbio au wa kuruka vizuizi anaweza kufaa kwa safari za mwendo wa taratibu, na uamuzi huo ni bora ufanywe baada ya picha ya mwisho kuliko baada ya jeraha la pili. Kwa anayerudi, kano ipapaswe kila siku kabla na baada ya kazi. Joto au unene mpya ukijitokeza, hata kama hachechemei, arudishwe kwenye hatua iliyotangulia na apigwe ultrasaundi kabla ya kupandishwa tena.