Swali la Kutafuta Mtandaoni Lisiwe la Kunakili

Muulize mwanafunzi wa darasa la mtandaoni reli ilifika Kisumu mwaka gani, naye atakuletea 1901 kabla hujamaliza kunywa chai. Amenakili, na wa kulaumiwa si yeye. Swali lenyewe halikumwachia kazi nyingine.

Ligeuze kidogo: Reli ya Uganda, ndiyo hiyohiyo ya Kisumu, ilifika Uganda lini? Hapo mambo yananoga. Mmoja atashikilia 1901, mwingine 1931, mwaka ambao reli iliingia Kampala. Huenda mjuaji mmoja akaja na 1912 na reli ya Busoga, iliyotoka Jinja kwenda Namasagali. Mwalimu asiwe na haraka ya kusema nani kapata. Awatume watafute ramani za wakati ule. Watagundua kwamba mwaka 1901 Kisumu, iliyoitwa Port Florence, ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mkoa huo ulihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka 1902. Kwa hiyo wa 1901 ana hoja. Na wa 1931 bado ana deni: kufika Kampala si kuvuka mpaka, basi reli ilipita Tororo, karibu na mpaka, lini? Mjadala huo ndio somo.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika Uganda mwaka 2020, unadai umahiri badala ya kukariri. Maswali yanayogonganisha majibu ya mtandaoni yanauhudumia vizuri kuliko karatasi ndefu za maswali mafupi.

Mbinu chache za Google zifundishwe mapema. Andika "Port Florence" ndani ya alama za mtajo ili maneno yasitenganishwe. Bila hizo unaweza kujikuta Italia, kwenye mji wa Florence. Alama ya kutoa ikibandikwa mbele ya neno huliondoa kwenye matokeo. Ukiongeza site:ac.ug, unapata kurasa za vyuo vya Uganda tu. Majina nayo hubadilika: anayetafuta bwawa la Jinja ajaribu Nalubaale, kisha Owen Falls, jina lililotumika lilipofunguliwa mwaka 1954. Kila jina lina kurasa zake.

Siku hizi juu ya matokeo hukaa muhtasari uliotungwa na akili mnemba. Kuukataza ni kupoteza muda, watausoma tu. Mimi hudai vitu viwili: anwani ya ukurasa, na sentensi yenyewe iliyobeba jibu. Mwanafunzi asiyekuwa navyo hajamaliza zoezi, hata kama mwaka alioandika ni sahihi.

Kuhusu bando, tusijidanganye. Wengi hutegemea simu ya mzazi, nayo hurudi nyumbani jioni. Wagawe kwa makundi: mmoja atafute, atume picha ya skrini kwenye kundi la WhatsApp, wengine walinganishe na kuandika. Epuka faili nzito za PDF. Kabla ya kutoa zoezi, lijaribu mwenyewe, na ikiwezekana kwenye simu isiyo yako, maana matokeo huweza kutofautiana kati ya mtumiaji na mtumiaji.

Darasa la Kiswahili lina nafasi ya ziada: swali lilelile litafutwe kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, na wanafunzi waorodheshe kilichopatikana upande mmoja tu.