Je, wajua kwa nini mradi ukifika asilimia 90 huganda hapo?

Soma ripoti za mradi wowote uliochelewa, uzipange kwa tarehe. Asilimia 20, 50 na 75 hupita haraka, kisha inakuja 90. Mwezi unaofuata ni 92, halafu 93, halafu 93 tena. Si lazima walioziandika wawe waongo. Kasoro huwa kwenye kitu kilichopimwa.

Asilimia hiyo kwa kawaida hutokana na fedha zilizotumika, au makadirio ya mtu anayeifanya kazi yenyewe. Fedha hueleza kilichotoka, hazielezi kilichopatikana. Naye aliyemaliza kuandika programu au kusimamisha kuta huona kabakiza kidogo tu, ilhali majaribio, marekebisho na ukaguzi havijaanza, na humo ndimo muda unamopotelea.

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ililijua tatizo hili vizuri, na mwaka 1967 ikawawekea wakandarasi wake vigezo 35 vya kudhibiti gharama na ratiba. Kiini chake ni kuongeza namba ya tatu. Mbali na thamani ya kazi iliyopangwa kufikia leo na fedha zilizotumika, unahesabu pia thamani ya kazi iliyofanyika kweli, kwa bei ileile ya bajeti ya awali.

Chukua mradi wa miezi 10 wenye bajeti ya milioni 100. Mwezi wa tano umeisha, kazi ya milioni 50 ilitakiwa iwe tayari, na zimetumika milioni 50 kamili. Kwa namba hizo mbili, kila mtu anapiga makofi. Lakini kazi iliyokamilika ikithaminishwa inatoka milioni 40. Gawanya 40 kwa 50, unapata 0.8: kila shilingi inayotoka inaleta kazi ya senti 80. Sasa gawanya bajeti yote kwa 0.8. Mwendo huu ukiendelea, mradi utamaliza milioni 125, na umelijua hilo nusu ya muda ikiwa bado mkononi. Hapo ndipo ninapoipenda hesabu hii, maana inatoa onyo wakati bado kuna la kufanya.

Haifai kitu, hata hivyo, kama hiyo 40 nayo ni ya kukisia. Dawa ninayoiamini ni kali: kazi igawanywe vipande vidogo, na kipande kihesabiwe sifuri mpaka kikamilike na kukubaliwa. Hakuna “karibu tunamaliza”.

Kisha kuna safari ya namba kutoka kwa mpimaji hadi kwa mwamuzi, na humo huharibika mengi. Wenye fani huziita baadhi ya ripoti tikiti maji: nje kijani, yaani mambo shwari, ndani nyekundu, yaani hatari. Ndege ya kivita A-12 ya Jeshi la Majini la Marekani ilipitia hayo. Aprili 1990 waziri wa ulinzi, Dick Cheney, aliliambia Bunge kwamba mradi unakwenda vizuri. Uchunguzi wa baadaye mwaka huohuo ulikuta kwamba takwimu za gharama zilikuwa zimeonyesha matatizo makubwa, ila waliokuwa chini walipeleka juu makadirio ya matumaini. Januari 1991 Cheney aliufuta mradi wote.

Kwa hiyo rangi ya kijani au nyekundu haitoshi kuwa taarifa. Anayeamua anahitaji hali, sababu, utabiri na ombi. Kwa mradi wetu wa milioni 100, mistari michache ingetosha: “Tumefanya kazi ya milioni 40 badala ya 50, kwa sababu vifaa vilichelewa na sehemu ya kazi ikarudiwa. Tukiendelea hivi, gharama itafika milioni 125. Tunaomba kamati iamue kabla ya mwezi kuisha: ipunguze kazi au iongeze fedha.”